Kiganja cha Mwonjaji

Saa moja kamili asubuhi Nyanzala alisimama kwenye dirisha la mtambo wa maji wa Igunguli, glasi mkononi, na watu mia tatu waliojaa uani chini yake wakamkodolea macho kooni. Hawakumtazama usoni. Walitaka kuona koo likipanda na kushuka, maana mwonjaji aliyemtangulia alizushiwa kwamba alikuwa akiyabakiza maji shavuni na kwenda kuyatema nyuma, na tangu hapo mji mzima ulijifunza kuhesabu mafunda.

Akanywa mafunda saba. Akaigeuza glasi juu chini waone kwamba halikubaki hata tone, kisha akabandika kiganja cha kulia kwenye bamba la shaba lililojengewa kizingitini. Bamba lile lilikuwa na uvuguvugu wa kitu kilicho hai. Alikuwa ameligusa kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja na bado lilimsisimua nywele za mkono.

Chini ya sakafu, kwenye mabwawa kumi na mawili yaliyofunikwa, Ngozi ilikuwa inamsoma.

Igunguli haikuwa na mto wala ziwa, na mvua ilikuwa jambo la kusimuliwa na watu wazima. Maji yaliyokuwepo yalikuwa yale yale, yakizunguka: kutoka bombani hadi sufuriani, kutoka mwilini hadi chooni, kutoka chooni hadi mtamboni, na kurudi bombani. Mtu wa zamani angetapika kusikia habari hiyo. Mtu wa Igunguli alitania tu kwamba chai anayokunywa leo babu yake aliwahi kuinywa, tena bila sukari.

Kilichowezesha maajabu hayo ni Ngozi: utando hai uliotengenezwa maabara, mwembamba kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyopoa, ukatandazwa juu ya mchanga wa machujio na kuachwa ule kila uchafu unaopita. Lakini ilibidi ifundishwe uchafu ni nini. Ndipo likaja wazo la mwonjaji. Mtu mmoja mwenye afya njema anakunywa, Ngozi inasoma damu yake kupitia kiganja, na damu ikishtuka, Ngozi inajua imepitisha kitu kibaya na inajirekebisha. Damu ikitulia, maji ni safi. Vipimo vingine vyote vikatupwa stoo. Nani ahangaike na vichupa na karatasi wakati upo mwili wa mtu?

Taa ya kijani ikawaka. Vali kuu ikafunguka kwa mngurumo, na watu uani wakapiga makofi kama kawaida yao, wakaanza kuokota ndoo zao.

"Msiondoke!" sauti ya kipaza sauti ikawazuia.

Alikuwa Mwenyekiti Mbuke, mwanamke wa makamo aliyeuongoza mji huo kwa mkono mgumu na macho makavu. Alisimama juu ya ngazi ya lango, kanga nyeusi mabegani.

"Mmesikia habari za kambini," akasema. "Wageni wetu waliotoka ziwani, wagonjwa sasa ni thelathini. Waliokufa wanne. Wanaharisha na kutapika mpaka wanakauka. Katika mji wenyewe hakuna mtu mzima hata mmoja anayeumwa. Maji ni yale yale, na Mama Mwonjaji ameyanywa mbele ya macho yenu. Kwa hiyo ugonjwa huu wamekuja nao wenyewe. Baraza limeamua. Leo saa kumi jioni, watu wote mia tatu na kumi na wawili watatolewa kambini na kupelekwa kwenye stesheni ya zamani ya Bonde. Huko watapelekewa maji."

Hakuna aliyeuliza yatapelekwa na nini. Bonde ilikuwa kilomita arobaini, nchi tambarare isiyo na kivuli, na lori la mwisho la mji lilikuwa limegeuzwa banda la kuku. Watu waliinamisha vichwa wakashika ndoo zao.

Nyanzala alirudia kimoyomoyo lile neno, *mbele ya macho yenu*. Glasi yake ilikuwa imegeuzwa ushahidi, na yeye hakuulizwa.

*

Kwenye ngazi za nyuma za mtambo, mahali ambapo huwa anakwenda kunywa uji wake peke yake, alimkuta mwanamke amekaa, vichupa vitatu vya kioo vimepangwa miguuni pake. Alikuwa mtu mzima, amekonda, gauni lake limefuliwa mpaka limepoteza rangi.

"Shikamoo, mama," Nyanzala akasema, huku akiangalia kama mlinzi yuko karibu.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, siumwi. Naitwa Nabwire. Natoka kambini. Mlinzi wenu wa nyuma huwa anasinzia saa hizi, nimemchunguza siku tatu."

"Mama, ukikutwa hapa—"

"Watanifanya nini? Watanifukuza?" Nabwire akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mimi nimefanya kazi ya maji miaka thelathini, kule ziwani, kabla ziwa halijatukimbia. Sina cheti cha kukuonyesha. Nina hivi vichupa. Kila kimoja kina kipande cha karatasi chenye dawa. Ukitia maji ukayaweka mahali pa joto usiku na mchana, yakiwa na uchafu wa tumbo la mtu, yanageuka meusi. Yakiwa salama, yanabaki kama yalivyo."

Nyanzala alikuwa ameshaviona. Kimoja kilikuwa na maji meupe. Viwili vilikuwa vyeusi kama masizi.

"Hiki cheupe ni maji ya kaya yangu," Nabwire akaendelea, akikigusa kwa kidole. "Tulikuja na majiko ya jua. Yako kumi na manne kambini. Kila kaya yenye jiko niliwaambia wachemshe, yatokote kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Katika kaya hizo hakuna mgonjwa. Nasema hakuna, mwanangu, hata mmoja. Wagonjwa wote wametoka katika kaya zilizokunywa moja kwa moja kutoka bombani."

"Bomba la kambini limepasuka mahali. Limeingiza uchafu."

"Na mimi nilidhani hivyo. Hiki cheusi cha kwanza ni cha bomba la kambini." Akakiinua cha pili. "Maji ya hiki nimeyakinga jana, kwenye koki iliyo chini ya dirisha lako. Wewe ulikuwa umetoka tu kuyanywa."

Nyanzala alikaa chini bila kupenda. Akajikuta ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Si kweli," akasema. "Mbona mimi siumwi?"

"Hilo ndilo lililonileta," Nabwire akajibu taratibu. "Mbona huumwi?"

*

Mhandisi Shigela, msimamizi wa mtambo, alikuwa mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Nyanzala alipoingia chumba cha mitambo akiwa ameongozana na mwanamke wa kambini, mhandisi aliinuka kwenye kiti kutaka kumwita mlinzi. Kisha akaviona vichupa. Akarudi kukaa.

Hapo ndipo Nyanzala alipoogopa kweli. Alikuwa ametegemea mhandisi abishe, apige meza, amwite mjinga. Shigela hakubisha.

"Tangu lini umejua?" Nyanzala akamuuliza.

"Sikujua. Nilishuku." Shigela alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akawasha kioo cha kumbukumbu za Ngozi, ambapo kulikuwa na mstari mmoja ukishuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mteremko ambao mtu asiyetazama kwa makini angedhani ni tambarare. "Huu ni ulaji wake. Mwaka wako wa kwanza ilikuwa inakula karibu kila kijidudu kinachopita. Mwaka wa nne, pungufu kidogo. Sasa hivi inaacha kimoja katika kila sita. Kula kunaichosha, Nyanzala. Ina njia moja tu ya kujua kama imekula vya kutosha, nayo ni wewe. Siku moja ikaacha kidogo sana, ukanywa, damu yako haikushtuka. Kesho yake ikaacha zaidi. Na mwili wako nao ukawa unazoea, kama mtu anavyozoea pilipili. Na mji mzima ukazoea pamoja nawe."

Nyanzala alikuwa anamsikia kwa mbali. Miaka yote alikuwa akiringa kimoyomoyo kwamba Ngozi imefundishwa kwa mwili wake yeye, binti wa mfyatua matofali. Kumbe haikujifunza maji safi ni yapi. Ilijifunza yeye anavumilia nini.

"Rudisheni njia za zamani," Nabwire akasema, kana kwamba anaomba chumvi. "Mnayatuamisha maji siku nzima, tope liketi chini. Mnatia shabu, na msipokuwa na shabu mnasaga mbegu za mlonge, ule uchafu mdogo mdogo ushikane uwe mabonge, uzame. Mnayapitisha kwenye mchanga. Mwisho klorini, ya kuua kilichobaki. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya."

"Klorini ipo," Shigela akasema. "Mapipa thelathini yamefungwa stoo, na tuna kifaa cha kutengeneza nyingine kwa chumvi. Lakini Ngozi haiko kwenye mabwawa tu, mama. Imeota ndani ya mabomba, mji mzima, mpaka kwenye koki za majikoni. Tone la klorini likipita, inakufa. Ikifa inaoza na kuziba kila kitu. Kuyasukutua mabomba na kuotesha nyingine ni siku ishirini na moja. Matangi yana maji ya siku sita. Baada ya hapo, mabwawa ya mchanga peke yake yatatoa theluthi ya mahitaji, ikiwa watu hawatagombana. Na watagombana. Watu arobaini elfu! Unajua foleni ya kiu ikoje?"

"Naijua," Nabwire akasema. "Nimetoka huko."

Ngozi ilisikika chini ya sakafu, sauti yake ya kunyonya polepole. Nyanzala alitamani kuziba masikio.

"Kuna njia nyingine," Shigela akasema, macho yake yakiwa mezani. "Inaweza kufundishwa upya. Ikipata kiganja kigeni. Mtu ambaye mwili wake haujazoea maji haya. Anakunywa, damu inashtuka, Ngozi inaona ilichokosea. Glasi tatu, kila moja baada ya saa mbili, mkono kwenye bamba. Nimepiga hesabu. Kwa glasi tatu itakuwa imejirekebisha kiasi cha kutosha, na maji yatakuwa salama kabla ya saa kumi. Hakuna atakayefukuzwa, hakuna atakayekaa na kiu."

"Na huyo mtu?" Nyanzala akauliza.

"Ataumwa."

"Ataumwa au atakufa?"

Shigela aligeukia kioo cha kumbukumbu. Nyanzala alikuwa na maneno tayari mdomoni, makali, lakini Nabwire alishaanza kukunja mkono wa gauni lake.

"Bamba lenyewe liko wapi?" akauliza. "Sina muda wa kuwasikiliza mkinipangia. Kambini nimeacha wajukuu wawili na watu mia tatu."

*

Saa nne Nabwire alikunywa glasi ya kwanza. Walikuwa ndani, kwenye bamba la akiba lililo chumba cha mitambo, ambalo hutumika dirisha linapofanyiwa usafi. Alikunywa haraka, akakunja uso, akasema yananuka kama pango la popo. Kisha akaweka kiganja.

Mngurumo chini ya sakafu ulibadilika. Nyanzala hakuwahi kuusikia ule mlio, mwembamba, wa kitu kilichoshtuliwa usingizini. Kwenye kioo mstari uliokuwa ukiteremka kwa miaka kumi na mmoja ulitikisika, ukapanda kidogo.

"Inakusikia," Shigela akanong'ona. Uso wake ulikuwa umenawiri kwa matumaini, na Nyanzala alimchukia kwa hilo.

Mpaka saa sita Nabwire alikuwa bado anapiga soga. Alisimulia namna walivyokuwa wakiyatandaza maji kwenye chupa angavu juu ya mabati, jua liyachome kutwa, pale kuni zilipokwisha. Glasi ya pili aliinywa akiwa amekaa. Mstari ukapanda tena, safari hii kwa kishindo, mpaka Shigela akasimama wima.

"Sitini kwa mia," akasema. "Moja tu imebaki."

Saa saba kasorobo Nabwire alianza kutapika. Nyanzala alimshikia beseni. Ikafuata ile hali nyingine, ya kuharisha, na tena, na tena, mpaka kilichotoka kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Ndani ya nusu saa yule mwanamke mchangamfu aliyewatania alikuwa ametoweka. Macho yalizama. Nyanzala alipoibana ngozi ya mkono wake kwa vidole, ilibaki imesimama kama kitambaa. Alimkorogea maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko. Vijiko viwili vilikaa, cha tatu kikarudi.

"Anapoteza haraka kuliko ninavyompa," akamwambia Shigela, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Nimeona."

"Anataka dripu. Anataka hospitali."

"Hospitali hawampokei mtu wa kambini. Ni amri." Shigela alikuwa ameshika glasi ya tatu. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye kiatu chake kilichong'arishwa. "Saa nane imefika. Ni mafunda saba tu, Nyanzala. Baada ya hapo tunampa kila kitu tulicho nacho. Nitampeleka hospitali mwenyewe kwa mgongo wangu. Tukiacha hapa, hizi glasi mbili zimekwenda bure. Ngozi itarudi ilipokuwa. Yeye mwenyewe alikubali."

Nabwire alifumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Leta," akasema.

Nyanzala aliichukua glasi kutoka kwa mhandisi. Alipiga magoti. Aliona jinsi jambo lilivyokuwa rahisi: aiinue shingo ya mwanamke huyu, ayamimine, auchukue ule mkono mkavu aubandike. Jioni mji ungekunywa maji safi bila kujua chochote, wageni wangebaki, na kesho saa moja yeye angesimama dirishani kama kawaida. Angepigiwa makofi. Na Ngozi, baada ya mwaka, miaka miwili, ingeanza tena kuteremka, kwa sababu ingekuwa inamsoma tena mtu mmoja anayezoea. Wangehitaji kiganja kingine kigeni. Wangejua pa kukitafuta. Wangekwenda kwenye kambi yoyote iliyo karibu, na safari hiyo wasingesubiri mtu ajitolee.

Hofu ilimshika. Haikuwa hofu ya kuamua vibaya. Alikuwa anaogopa kwa sababu alijua tayari atakalolifanya, na hakuna aliyekuwepo wa kumzuia.

Akaimwaga glasi sakafuni.

"Una wazimu?" Shigela akafoka.

"Mbebe. Umesema una mgongo. Mpeleke hospitali, uwaambie Mwonjaji ameamuru, wakikataa waje wanione. Nenda!"

"Na wewe?"

Nyanzala alikuwa ameshaelekea stoo. Shigela alimkimbilia, akajitupa mbele ya mlango, mikono ameitanua. Walitazamana, wote wawili wakihema. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja bila kugombana hata kwa kikombe cha chai.

"Ukimwaga klorini," Shigela akasema, "kila atakayekufa kwa kiu atakuwa wako. Kila mmoja. Utaweza?"

"Sitaweza," Nyanzala akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Lakini wale wanne waliokufa kambini ni wangu tayari. Nimewanywia mbele ya macho ya watu. Toka mlangoni, Mhandisi."

Nyuma yao Nabwire alitapika tena, na hakikutoka kitu. Shigela aligeuza uso akamtazama, akamtazama kwa muda. Mikono ikamshuka. Akaenda akamwinua yule mwanamke kama mzigo wa nguo chakavu, akatoka naye.

Nyanzala alifunga vali kuu. Akabingirisha mapipa, moja moja, hadi kwenye mfereji wa kuingilia mabwawa. Moshi wa klorini ulimchoma macho na koo, akajifunga kanga puani akaendelea. Pipa la tano lilipomwagika, ule mlio mwembamba ulianza tena chini ya sakafu. Ukakua. Ukawa mrefu. Aliweka viganja masikioni lakini uliingia kwa miguu, kwa magoti, ukapanda tumboni. La kumi na mbili lilipokwisha, mlio ulikatika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, mtambo ulikuwa kimya kabisa.

*

Koki zilipokauka, mji ulikuja. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua bado kali, na ua ulijaa mpaka nje ya lango. Walinzi waliokuwa wakipanga mistari kambini waliitwa kuja kuzuia watu. Mwenyekiti Mbuke alipenya katikati yao na kipaza sauti chake.

"Nyanzala! Toka nje! Umefanya nini?"

Alitokea dirishani. Hakuwa na glasi, na mikono hakujua aiweke wapi. Aliona nyuso alizozijua, wauza vitumbua, walimu, wanawake wa foleni ya kwanza, na zote zilikuwa na sura moja. Kiko wapi kinywaji chetu, nyuso zile zilisema. Akashika kizingiti.

"Nimeiua Ngozi," akasema.

Kelele zilizopanda zilimfanya arudi nyuma hatua moja. Jiwe likapiga ukuta. Akajikaza, akarudi dirishani.

"Nisikilizeni! Matangi yana maji ya siku sita, na tutayatia dawa. Tutayagawa. Mabwawa ya mchanga tutayafungua leo hii. Tutatuamisha, tutachuja, tutachemsha, na kule kambini kuna watu wanaojua kuifanya kazi hiyo kuliko sisi, kwa hiyo hawaendi Bonde. Hawakuleta ugonjwa. Ugonjwa wameukuta kwetu. Maji ninayokunywa hapa kila asubuhi ni machafu. Yamekuwa machafu kwa miaka, yanaongezeka kidogo kidogo. Mimi nimeyazoea, na ninyi mmeyazoea pamoja nami, ndiyo maana hatuumwi. Anayeumwa ni mgeni wa maji haya. Ni yule anayekutana nayo kwa mara ya kwanza."

"Mwongo!" mtu akapiga kelele. Mwingine akasema avutwe chini. Lango likaanza kusukumwa.

Mwenyekiti Mbuke aliinua mkono, na kwa mazoea ya miaka mingi wakanyamaza. Alikuwa anamtazama Nyanzala, na uso ule mgumu ulikuwa umepoteza rangi. Kipaza sauti alikuwa amekishusha ubavuni. Alizungumza kwa sauti yake tu, na ilibidi watu wa mbele waache kuhema ili waisikie.

"Kwa mara ya kwanza," akasema. "Mtoto anayeachishwa ziwa, je?"

Nyanzala hakuwa amelifikiria hilo. Lilimwingia sasa, lote kwa pamoja. Katika Igunguli hakukuwa na nyumba isiyojua. Mtoto anafika miezi minane, tisa, anaanza uji, anaanza kupewa maji. Anaharisha. Wanawake wa jirani wanamwangalia ufizi wanasema ni meno, yatapita. Kwa wengine yalipita. Makaburi madogo nyuma ya tanuri za matofali yalikuwa mengi kiasi kwamba watu waliacha kuyazungushia mawe. Mbuke alikuwa na wajukuu wawili pale. Mtoto wake Nyanzala, aliyezikwa pale pale, alikuwa na miezi tisa, na maji ya kwanza kuyanywa alimpa yeye mwenyewe, kwa kijiko.

Uani wanawake walikuwa wameanza kutazamana.

"Ilikuwa meno," Mbuke akasema. "Tuliambiwa wote. Kila mtu alisema ni meno."

Nyanzala alitaka kusema hajui, na lingekuwa neno jepesi. Alitazama zile nyuso, moja baada ya nyingine.

"Haikuwa meno, mama."